Chomoa chaja kwanza: kisa cha laptopu ya shemeji

Wiki ya mwisho ya Juni ndiyo msimu wa mavuno kwa kila mwenye saiba, yaani kibanda cha huduma za kompyuta na intaneti, Nairobi. Ritani za ushuru hufungwa tarehe 30, na watu huzikumbuka zikiwa zimebaki siku tatu. Shemeji yangu ana kichumba chake Kayole: printa moja, mashine ya fotokopi, viti viwili vya plastiki nje ya mlango. Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, jioni, stima ikapotea. Hakushtuka. Mwezi uliotangulia alikuwa amenunua laptopu kwa sababu hiyo hiyo, maana kompyuta yake ya mezani ilikuwa ikizimika kila stima inapokatika na kumwaibisha mbele ya wateja. Akawasha hotspoti ya simu, akaichomeka simu kwenye laptopu isije ikaisha chaji, akaendelea na ritani ya mwalimu mmoja aliyekuwa ameshika mkononi P9 yake, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa.

Nusu saa haikufika. Skrini ikawa nyeusi kabla hawajabonyeza kitufe cha kutuma. Mwalimu akakunja P9 yake, akaenda kwa jirani mwenye jenereta, na waliokuwa kwenye viti vya plastiki wakamfuata.

Kesho yake asubuhi shemeji akaniletea ile mashine ikiwa ndani ya begi aliyopewa bure dukani. Mimi kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na mashine za aina hii hupita mezani kwangu kila wiki. Hii nimeamua kuiandika yote, kwa ruhusa yake, kwa sababu karibu kila kilichoharibika kingeonekana pale pale dukani, kabla hela haijatoka, kama angeuliza maswali ambayo mashine yenyewe inaweza kuyajibu. Aliuliza maswali. Ila yote yalijibiwa na mdomo wa muuzaji.

Nilimwomba anisimulie siku ya kununua neno kwa neno. Ilikuwa Jumamosi ya Mei, katikati ya jiji, upande wa barabara ya Luthuli. Broka alimpokea barabarani, "Karibu madam, laptopu, simu, tivi," akampandisha ghorofa ya pili hadi kwenye kibanda cha vioo. Kijana wa kaunta akatoa HP EliteBook 840 G3, akaiwasha ikiwa imechomekwa kwenye stima.

"Hii iko aje?" shemeji akauliza.

"Hii ni safi kabisa, madam. Ex-UK. Core i5, ramu nane, SSD 256, Windows 11. Haina shida."

"Betri inakaa?"

"Inakaa poa. Ona, imejaa mia kwa mia."

"Na waranti?"

"Iko. Miezi sita."

Baada ya hapo wakaingia kwenye bei. Kijana alianza na 32,000, shemeji akaanza na 22,000, na kwa dakika ishirini wakavutana hadi 27,000 pamoja na begi na kipanya. Alitoka akiwa na furaha, na namwelewa. Kupunguziwa shilingi elfu tano ni ushindi unaoonekana. Lakini ukisikiliza mazungumzo yao utaona kwamba muda na nguvu zake zote ziliishia kwenye bei, na mashine yenyewe ilipata maswali matatu.

Nirudi kwenye betri, maana ndiyo iliyomfukuzia wateja. Kwenye Windows kuna amri fupi isiyohitaji programu yoyote ya kuongeza. Unafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika powercfg /batteryreport, unabonyeza Enter, na mashine inakuambia imehifadhi wapi ripoti. Ukiifungua utaona namba mbili zilizokaa karibu: DESIGN CAPACITY, yaani kiasi ambacho betri ilibeba ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, kiasi inachobeba leo ikijaa. Kwenye mashine ya shemeji ya kwanza ilikuwa miliwati-saa 46,500 hivi. Ya pili, 9,840. Ilikuwa imebaki na moja kwa tano ya nguvu yake, na juu ya hapo ilikuwa ikilisha simu.

Sasa ile "mia kwa mia" aliyoonyeshwa. Kijana hakudanganya kwa namna ambayo ungeweza kumshika. Asilimia unayoiona kwenye kona ya skrini hupimwa kwa uwezo wa betri wa sasa, haipimwi kwa ule wa kiwandani. Kikombe kikijaa kimejaa, na ndoo ikijaa imejaa. Betri iliyochoka kabisa itakuonyesha 100 kila asubuhi.

Kwa hiyo swali la "betri inakaa?" halina faida. Linaomba maoni, na maoni ya muuzaji unayajua kabla hajafungua mdomo. Ombi ninalowapa wateja wangu ni hili: "Naomba tuchomoe chaja sasa hivi, halafu tuendelee kuongea." Liseme mara tu mashine inapowekwa mbele yako, kabla ya jambo lingine lolote. Andika asilimia iliyoko na saa. Kisha uliza yote mengine, chapa maneno, fungua video yenye sauti, piga bei, mashine ikiwa inajitegemea. Baada ya dakika ishirini au ishirini na tano angalia tena. Ikiwa imeshuka kutoka 95 hadi 60, huhitaji fundi wa kukufafanulia. Hata ripoti haitoshi bila jaribio hili, kwa sababu betri bandia iliyobadilishwa juzi inaweza kuandika namba nzuri kwenye ripoti na bado isifike mbali.

Na kuna jambo shemeji hakulisema kabisa: kwamba laptopu anaitaka kwa sababu stima yao inapotea. Alidhani hilo halimhusu muuzaji. Linamhusu sana, hata kisheria, na nitafika huko.

"Core i5", jina la prosesa ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ndilo neno la pili lililomponza. Wengi wetu tunalisikia kama cheo, kwamba i5 ni nzuri kuliko i3 na i7 ni nzuri kuliko zote. Lakini jina hilo Intel wamelitumia miaka mingi sana, kwa mashine nyepesi na nzito, za zamani na za juzi. Kinachokuambia umri ni namba inayofuata kistari. Yake ilikuwa i5-6300U. Ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita, kilichotoka 2015. Ingekuwa i5-8350U, ingekuwa kizazi cha nane, cha 2017, na tofauti ya hapo ni kubwa kuliko miaka miwili, kwa sababu katika hizi prosesa za laptopu nyembamba zenye U mwishoni, kizazi cha nane ndicho kilichopanda kutoka kore mbili, yaani viini vya kufanyia kazi, hadi nne. Namba zikiwa na tarakimu kama 1135G7, soma mbili za mwanzo: kizazi cha kumi na moja. Mjini watu huuliza tu "gen ya ngapi?" na ni swali zuri. Ila usikubali kuambiwa. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua System, usome mwenyewe.

Umri huo una uzito wake. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sasa mashine ya kizazi cha sita imepataje Windows 11? Imelazimishwa. Kuna njia za kuruka ukaguzi wakati wa kuisakinisha, na mafundi wengi tunazijua. Inawaka, inapendeza, ina ile menyu ya katikati. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho. Kwa mtu anayeangalia filamu nyumbani, pengine ataishi na hilo. Shemeji siku nzima anaandika PIN za watu za KRA, mamlaka ya ushuru, nywila zao za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, namba za vitambulisho vya wanafunzi wanaoomba mkopo wa masomo wa HELB. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni siri za watu nimebeba." Ndiyo. Na muuzaji aliyempa "Windows 11" kama sifa alimpa tatizo lililofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Nikaandika amri nyingine, slmgr /xpr. Hii hukuambia kama Windows imeidhinishwa moja kwa moja au ina tarehe ya kuisha. Yake ilikuwa na tarehe. Hiyo ni dalili ya uidhinishaji wa KMS, mfumo ambao kampuni hutumia kuidhinisha mashine zake nyingi kwa pamoja, na ambao hudumu siku 180 kila unapohuishwa. Mtu binafsi akiuziwa mashine ya namna hiyo, mara nyingi ameuziwa kilichofunguliwa kwa programu ya magendo. Kinachonisikitisha ni kwamba haikuwa lazima. Laptopu nyingi za ofisi za aina hii zimekuja na leseni yake ya Windows Pro ndani ya mashine yenyewe. Muulize muuzaji, "Hii Windows ni ya mashine au umeweka wewe?" halafu endesha hiyo amri mbele yake.

Nilipokuwa nikichapa hizo amri, kidole kiliganda kwenye herufi Z. Stika. Kibodi nzima ilikuwa imebandikwa stika nyeusi zenye herufi nyeupe, zimekatwa vizuri, huwezi kuzitambua kwa mbali. Ya Z ilikuwa imeanza kuinuka pembeni. Nikaimalizia kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na Y. Nikainua ile ya 3: juu ya tatu, badala ya alama ya pauni ya Waingereza, kulikuwa na §. Hiyo ni kibodi ya Ujerumani, ambako Y na Z zimebadilishana nafasi. "Ex-UK" haikuwahi kukaa Uingereza.

Mimi sijali mashine imetoka London au Hamburg. Ya Ujerumani si mbaya. Nilichokiona kwenye ile stika ni kwamba kijana alijibu swali la asili bila kuiangalia mashine, na pengine hakuwa anajua. "Ex-UK" siku hizi mjini ni jina la bei, kama "mtumba wa grade one" kule sokoni Gikomba. Ukiuliza mashine imetoka wapi, pitisha kidole juu ya herufi ukisikiliza jibu.

Mengine yalikuwa sawa, na ni haki niyaseme. SSD, diski ya kasi ya kuhifadhia, ilikuwa SSD kweli, na programu ya CrystalDiskInfo iliionyesha ikiwa na afya nzuri. Ramu nane zilikuwa nane. Bawaba za skrini zilishika. Namba ya utambulisho wa mashine (serial number) iliyoandikwa chini ilikuwa ile ile iliyoko kwenye BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, na BIOS haikuwa na nywila ya kampuni fulani ya zamani. Hilo la mwisho msilipuuze. Mashine iliyofungwa na mwajiri wa zamani inaweza kuwaka leo ikakufungia baadaye, na mashine ambayo namba zake zimekwanguliwa inaweza kuwa ya wizi. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinahusu kupokea mali ya wizi, na maelezo yako kwa polisi yatakuwa dhaifu sana ikiwa ulinunua bila kuuliza wala risiti.

Na risiti ndiyo iliyonikasirisha kuliko betri. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha kawaida: "1 HP laptop, 27,000/=", saini isiyosomeka, na muhuri unaosema bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Hakuna modeli. Hakuna namba ya mashine. Hakuna neno kuhusu ile waranti ya miezi sita. Pesa nazo hazikuingia kwenye till ya duka, ile namba yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Kijana alisema till ina shida ya mtandao, akampa namba ya simu, na ujumbe wa M-Pesa ukaja na jina la mtu ambaye shemeji hakuwahi kukutana naye. Ukitafuta ushahidi kwamba duka lile lilimuuzia mashine ile, ulikuwa umebaki muhuri na begi.

Jumatatu tarehe 30 hakuweza kufunga saiba, kwa hiyo tulienda Jumanne. Kijana alitukumbuka vizuri. Alipoona ripoti ya betri niliyoiprinti akasema bila kusita, "Lakini madam, betri na chaja hazina waranti."

"Ulisema miezi sita."

"Miezi sita ya mashine."

Hapa ndipo swali la waranti linapopaswa kuanzia, na wengi wetu huishia. "Iko na waranti?" itajibiwa "iko" kila mahali. Uliza: inahusu nini na haihusu nini, betri imo, chaja imo, skrini imo? Ikiharibika mnatengeneza, mnabadilisha au mnarudisha pesa? Inachukua siku ngapi? Halafu, "Naomba uyaandike hapa kwenye risiti." Muuzaji mzuri atachukua kalamu.

Niliomba kuongea na mwenye duka. Alikuja, mzee mtulivu, akatukaribisha kiti. Nilimwambia kwa heshima kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji anachotaka kufanyia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, basi bidhaa iwe inafaa kwa kazi hiyo. Na muuzaji wa bidhaa za aina fulani anapaswa kuuza zenye ubora wa kuuzika. Akanisikiliza, akauliza swali moja tu: "Alimweleza kijana kwamba anataka ya kutumia bila stima?"

Hakumweleza. Na sheria hiyo hiyo ina upande wa pili: mnunuzi akiikagua bidhaa, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Mzee alilijua hilo, au alilihisi kwa uzoefu wake wa biashara. Nikamjibu kwamba hakuna mteja atakayeona uchovu wa betri mashine ikiwa kwenye chaja muda wote, na kwamba aliyeiacha kwenye chaja ni duka. Nikamkumbusha pia Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mteja haki ya ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji. Mahakama ya Madai Madogo niliitaja mara moja tu na sikuirudia: inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi imewekewa siku 60. Sikutaka twende huko. Shemeji alitaka mashine, hakutaka kesi.

Kwanza akataka kutupatia betri nyingine, mpya, bila jina la kampuni inayoeleweka. Nilikataa, kwa sababu ingemfikisha Desemba na bado angebaki na prosesa ya 2015 na Windows ya kulazimisha. Tukakaa hapo kama saa nzima. Mwishowe akakubali kupokea mashine kwa thamani yake yote, 27,000, na shemeji aongeze 8,500 achukue 840 G5 yenye i5-8350U iliyokuwa kwenye rafu ya juu. Bei ya rafuni ilikuwa 38,000. Sidhani ni ushindi. Ukijumlisha nauli, siku mbili za kazi na wateja walioenda kwa jirani wakati wa msimu, amelipa zaidi ya ambavyo angelipa kama angeichukua hiyo hiyo mwezi wa Mei. Ila mzee alitutendea kwa uungwana, nami nimewatuma wengine kwake, na maagizo.

Kijana akaileta G5, akaiweka kwenye kaunta, akanyoosha mkono kuchukua waya. Shemeji alimtangulia. "Hapana, iache hivyo hivyo," akasema. "Ninaendesha saiba, na kwetu stima inapotea hata mara tatu kwa wiki. Nataka inifanyie kazi saa mbili bila chaja. Hii itaweza?" Kijana akamwangalia mzee. Mzee akasema itaweza, na shemeji akamwomba aandike hivyo.

Wakati mzee anaandika, shemeji alichapa barua moja ndefu ya kuomba kazi aliyokuwa nayo kwenye simu, akafungua iTax, tovuti ya KRA ya ritani, akafungua video, akapitisha kidole kwenye kila herufi kutafuta stika. Hakukuwa na stika. Juu ya tatu kulikuwa na pauni. Niliendesha zile amri mbili. Windows ilikuwa imeidhinishwa bila tarehe ya kuisha, na betri ilikuwa imebaki na zaidi ya robo tatu ya uwezo wake wa kiwandani. Tulianza kwenye asilimia 91. Dakika ishirini na tano baadaye ilikuwa 81.

Risiti mpya ilikuwa na modeli, namba ya mashine, maneno "betri miezi mitatu, mashine miezi sita, hubadilishwa", na ile sentensi ya saa mbili bila chaja. Shemeji aliisoma yote, akalinganisha namba na iliyo chini ya mashine, tarakimu moja moja, kidole kikifuata. Kisha akauliza till. Ilikuwa inafanya kazi siku hiyo. Alisubiri ujumbe wa M-Pesa uingie, akainua macho kwenye bango la duka, akalinganisha jina, ndipo akaiweka laptopu kwenye begi.